Mimba Nje ya Kizazi: Si Kila Tumbo la Chini ni Chango

Katika ukanda wetu huu wa kusini, kuanzia Kilwa na Liwale hadi Newala na Nanyumbu, mwanamke akiumwa chini ya kitovu jina la ugonjwa wake huwa limekwisha kupatikana kabla hajafika kwa tabibu yeyote: ni chango. Mama yake aliwahi kuwa nalo, shangazi yake analo mpaka leo, na jirani anaujua mti wake. Sina ugomvi na neno hilo, kwani ndani yake yamo maumivu ya hedhi, uvimbe wa kizazi, maambukizi ya via vya uzazi na mengine ambayo hata sisi mabingwa wa magonjwa ya wanawake hutuchukua muda kuyatenganisha. Ugomvi wangu ni na ugonjwa mmoja unaojificha ndani ya jina hilo, ambao haungoji mti uchemke. Huo ni mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba.

Nianze na kisa, ambacho nimekibadilisha hapa na pale ili mhusika asitambulike. Ilikuwa msimu wa korosho. Mwanamke wa miaka 26, mama wa mtoto mmoja, aliletwa kwetu saa mbili usiku akiwa ameshikiliwa katikati ya dereva wa bodaboda na mdogo wake wa kiume. Siku nne kabla ya hapo alikuwa ameanza kuumwa upande wa kulia. Alikokwenda kwanza alipimwa mkojo, akaambiwa ana UTI, akapewa vidonge. Damu kidogo ya rangi ya kahawa ilikuwa ikimtoka, naye akaihesabu kuwa ni hedhi iliyochelewa, kwa sababu muda wote alikuwa shambani akiokota korosho na tarehe zilikuwa zimemchanganya. Mchana wa siku hiyo, alipokuwa akijitwisha ndoo, alihisi kitu kimekatika tumboni, jasho jembamba likamtoka, akaanguka. Tulipomlaza kitandani alikataa kulala chali, akisema bega la kulia linamuuma kuliko tumbo lenyewe, na mdogo wake akatueleza kwamba huenda aliliumiza alipoanguka. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, ndani ya kope la chini palikuwa peupe, mapigo ya moyo 128 kwa dakika, presha 100 kwa 70.

Muuguzi wa zamu aliniambia, "Daktari, presha yake lakini si mbaya." Haikuwa mbaya kweli, na hapo ndipo penye mtego. Mwanamke kijana mwenye afya ana damu ya lita nne hadi tano, na anapopoteza lita ya kwanza mwili wake huibana mishipa ya mikono na miguu na kuuharakisha moyo, hivyo presha hubaki inasomeka vizuri huku damu ikiendelea kujaa tumboni. Presha ikija kushuka, muda wa kufanya kazi kwa utulivu umekwisha kupita. Hata kipimo cha wingi wa damu hudanganya saa za mwanzo, kwa kuwa damu iliyobaki mishipani bado ina uzito wake uleule mpaka maji ya mwili au ya dripu yaichanganye. Kwa hiyo mimi hutazama mapigo ya moyo kwanza, kisha vidole, kisha kope, na presha huifikia mwisho.

Kipimo cha mimba cha mkojo kilionyesha mistari miwili. Hatukungoja ultrasaundi. Tulipofungua tumbo tulikuta damu tuliyoikadiria kuwa lita mbili, na chanzo chake chote kilikuwa tundu lisilozidi ukucha wa kidole kidogo katika mrija wa kulia, mmoja wa mirija miwili inayopitisha yai kwenda kwenye mji wa mimba. Bega lake lilikuwa zima kabisa: damu iliyotapakaa tumboni ilikuwa imepanda hadi chini ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, na neva ya kiwambo hicho hutoka shingoni pamoja na zile zinazohudumia bega, hivyo ubongo hupokea habari ya kiwambo ukadhani ni ya bega. Mwanamke aliyekosa siku zake, anayeumwa tumbo, kisha akalalamikia bega, ni mgonjwa wa kupelekwa chumba cha upasuaji na si wa kuandikiwa dawa ya kuchua.

Tufahamu sasa kinachotokea. Yai la mwanamke halikutani na mbegu ya kiume ndani ya mji wa mimba, kama wengi wanavyodhani, bali ndani ya mrija, ambao una urefu wa sentimita 10 hadi 12 na ambao mahali pengine uwazi wake ni wa milimita moja tu. Baada ya kurutubishwa, yai husukumwa taratibu na vinyweleo vidogo mno vilivyopamba ukuta wa mrija, likifika katika mji wa mimba baada ya siku tatu au nne, na karibu siku ya sita au ya saba hujichimbia ukutani. Likicheleweshwa njiani, siku ya kujichimbia humkuta msafiri hajafika, naye hujichimbia hapohapo alipo. Kati ya mimba 100, moja au mbili huishia hivyo, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi za mimba hizo huwa ndani ya mrija. Zilizobaki hukaa kwenye kokwa la mayai, kwenye shingo ya kizazi, kwenye kovu la upasuaji wa uzazi uliopita, au, kwa nadra sana, kwenye utando wa tumbo. Mji wa mimba una misuli minene inayotanuka miezi tisa, mrija hauna. Mimba hukua, mizizi yake huitafuna mishipa ya damu, na mara nyingi kati ya wiki ya sita na ya nane tangu hedhi ya mwisho mrija huchoka. Inayokaa pale mrija unapopenya ukuta wa kizazi huweza kuvumilia hadi mwezi wa tatu na zaidi, na ndiyo inayomwaga damu nyingi kuliko zote inapopasuka.

Sababu kubwa ya yai kucheleweshwa ni makovu, na makovu mengi huachwa na maambukizi. Kisonono mwanamume mara nyingi hukijua kwa sababu kinachoma, ingawa kwa wanawake wengi nacho hujificha. Klamidia kwa wanawake wengi hupita kimya kabisa, ikaharibu vinyweleo vya mrija, na mwenyewe asikumbuke kuumwa hata siku moja. Ndiyo maana siridhiki na mume anayekwenda peke yake duka la dawa, akajitibu, akarudi nyumbani kimya. Kwa wanaolima mpunga mabondeni na kuoga madimbwini huku kwetu nitaongeza kichocho cha mkojo, kwani mayai yake yamewahi kukutwa katika mirija iliyoondolewa kwa upasuaji. Upasuaji wa zamani wa tumbo, matibabu ya ugumba, uvutaji wa sigara na mimba ya namna hii iliyotangulia huongeza hatari vilevile. Hata hivyo, karibu nusu ya wagonjwa hawana lolote kati ya hayo, hivyo sipendi kusikia mwanamke akinyooshewa kidole wodini kwamba amejitakia.

Kitanzi nacho husingiziwa sana. Ukweli ni kwamba mwenye kitanzi ana nafasi ndogo ya kupata mimba yoyote, ya ndani au ya nje, kuliko asiyetumia kinga. Ila ikitokea akapata mimba kitanzi kikiwa ndani, uwezekano kwamba iko nje ya kizazi ni mkubwa kuliko kawaida. Hivyo ndivyo ilivyo pia kwa aliyefunga kizazi. Asiambiwe, "Wewe huwezi kuwa na mimba", apimwe.

Lipo jambo jingine ambalo huzungumzwa kwa minong'ono, nami nitalisema wazi kwa kuwa limeshaniletea wagonjwa. Baadhi ya wasichana wakijiona wana mimba wasiyoitaka hununua vidonge kwa siri ili itoke. Damu hutoka, naye huamini mambo yamekwisha. Vidonge hivyo huuminya mji wa mimba. Mimba iliyo ndani ya mrija haviing'oi. Siku kadhaa baadaye tumbo linapomshika, huogopa kusema alichomeza, na anayempokea huhangaika na malaria na taifodi. Kwa wahudumu wenzangu nasisitiza kwamba swali hilo liulizwe faraghani, mama mkwe na wasindikizaji wakiwa nje, na kwa sauti isiyo na hukumu.

Upimaji si mgumu kama unavyodhaniwa. Mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa mwenye maumivu ya tumbo, kizunguzungu, au damu isiyo ya kawaida ukeni, apimwe mkojo wa mimba, hata kama amesema yuko katika siku zake, hata kama UTI imeonekana, kwani UTI na mimba huweza kukaa katika mkojo mmoja. Zahanati yenye kipimo hicho imeshika nusu ya jibu. Nusu ya pili ni ultrasaundi, na hapa kuna kosa ninalokutana nalo mara kwa mara: kipimo cha mkojo kina mistari miwili, ultrasaundi imeandikwa "kizazi hakina kitu", na mgonjwa anaambiwa hana mimba, arudi nyumbani. Kizazi kisicho na kitu kwa mwenye mistari miwili maana yake ni kwamba mimba ni changa mno, au imeharibika, au iko nje, na mpaka tuthibitishe vinginevyo tunaichukulia kuwa iko nje. Hospitali isiyo na ultrasaundi usiku bado ina sindano: daktari huvuta majimaji nyuma ya kizazi kupitia ukeni, na damu isiyoganda katika kichupa ni ushahidi wa kutosha kumwita mtu wa nusu kaputi.

Kuhusu matibabu, ikiwa mimba imegunduliwa mapema, haijapasuka, ni ndogo, haina mapigo ya moyo na homoni yake katika damu haijapanda sana, ipo dawa iitwayo methotreksati, ambayo husimamisha ukuaji wake bila kisu. Inataka mgonjwa aweze kurudi kupimwa homoni siku ya nne na ya saba, na baadaye kila wiki hadi iishe, aache vidonge vya foliki na asishike mimba kwa miezi mitatu. Kwa anayeishi umbali wa saa tano kwenye barabara inayokatika wakati wa masika, mimi humshauri upasuaji, ingawa kitabu kinaniruhusu dawa. Katika upasuaji, mrija uliopasuka tunauondoa. Tangu daktari Lawson Tait alipofanya hivyo kwa mafanikio mwaka 1883 kule Birmingham, Uingereza, kiini cha kazi hiyo hakijabadilika: fika kwenye mrija, ubane, damu ikome.

Huulizwa, tena na waume hasa, kwa nini mimba isihamishwe ikarudishwa mahali pake, na wengine huwa wameona kwenye ultrasaundi moyo ukipiga. Hakuna hospitali popote duniani inayoweza kuihamisha. Nimejifunza kulijibu swali hilo nikiwa nimekaa, si nikiwa nimesimama mlangoni, kwa sababu anayeliuliza anaomboleza mtoto, hata kama sisi katika faili tumeandika "mimba ya mrija".

Kwa aliye mbali, jambo la kwanza ni usafiri. Mjamzito mwenye dharura anaweza kuombewa gari kupitia mfumo wa m-mama kwa kupiga 115 bila malipo, na wiki saba za mimba ni ujauzito sawa na miezi minane. Ndugu wawili au watatu wenye afya waandamane naye kwa ajili ya kuchangia damu. Anayetoa rufaa amwekee njia ya dripu, aandike saa na mapigo ya moyo, na asimpe chochote mdomoni.

Yule mama wa korosho aliniuliza siku ya tatu, akiwa ameketi anakunywa uji, kama bado ni mzazi. Nilimjibu kwamba mrija wa kushoto niliuona kwa macho yangu na ulikuwa safi, kwamba mrija mmoja huweza hata kulidaka yai la kokwa la upande wa pili, na kwamba zaidi ya nusu ya wanawake wa namna yake hushika mimba nzuri baadaye. Nilimwambia pia kwamba karibu mmoja kati ya kumi hurudiwa na tatizo hilihili. Kwa hiyo siku zikipitiliza asikae kungoja mimba ionekane. Apime mkojo wiki hiyohiyo, na wiki ya sita au ya saba afanyiwe ultrasaundi ya kuhakikisha imekaa wapi. Karatasi za kuruhusiwa hupotea, huliwa na panya, hulowa. Nilichukua kadi ya kliniki ya mtoto wake, ambayo alikuwa ameifunga vizuri kwenye mfuko wa plastiki, nikaandika nyuma yake kwa herufi kubwa: MRIJA WA KULIA UMEONDOLEWA, MIMBA NJE YA KIZAZI, na tarehe.