Mgahawa wa Kijapani wenye utulivu: dhana potofu na ukweli wake

Mwaka juzi nilialikwa chakula cha jioni kwenye mgahawa uliokuwa umefunguliwa karibuni, uliojinadi kuwa ni "wa Kijapani, mahali pa kupumzisha akili". Jina nalihifadhi. Kuta za zege tupu, kioo kuanzia sakafuni hadi darini, vigae vinavyong'aa, meza hazina hata kitambaa. Macho yalitulia kweli. Masikio ndiyo yaliyoadhibiwa: kila kijiko kilichogusa sahani kilijibiwa na ukuta, na ilipofika saa mbili usiku, ukumbi umejaa, tulikuwa tunapigiana kelele kama tuko kwenye daladala. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia anataka kujenga mgahawa wa namna hiyo, swali langu la kwanza ni moja tu: sauti utaipeleka wapi?

"Ukiondoa vitu, utulivu unakuja wenyewe"

Hii ndiyo dhana inayowagharimu watu wengi. Chumba cha jadi cha Kijapani kinaonekana kitupu kwenye picha, ila picha haina sauti. Chini kuna tatami, ambayo asili yake ni mabua ya mpunga yaliyoshindiliwa hadi unene wa sentimita 5 hivi, juu yake mkeka wa nyasi za igusa. Kuta ni za udongo. Watu wamekalia mito, na viatu vimebaki mlangoni. Vitu hivyo vyote vinameza sauti. Ukiiga utupu wa chumba hicho kwa zege, kioo na marumaru, umechukua sura na kuacha kazi yake.

Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilimpa mwanafizikia Wallace Sabine ukumbi wa mihadhara ambao hakuna aliyeelewana na mwenzake ndani yake; sauti moja ilidumu hewani takriban sekunde 5 na nusu. Sabine alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akawa anaipanga usiku na kupima, mto baada ya mto. Aligundua kuwa ukubwa wa ukumbi huongeza mwangwi, na vitu vinavyonyonya sauti huupunguza. Mito tu!

Kwa hiyo kabla ya kununua taa hata moja, angalia dari. Fito za mbao zilizoachiana nafasi, nyuma yake sufi ya kuzuia sauti, zinafanya kazi kubwa na bado zinaonekana za Kijapani. Bandika sponji chini ya meza, mteja hataiona. Weka mapazia mazito upande wa kioo na mito kwenye viti. Ukuta wa zege ukikupendeza sana, baki nao mmoja, si minne.

"Shoji inampa mteja faragha"

Fundi seremala huletewa picha ya milango ya karatasi na kuambiwa agawe vyumba vya siri kwa ajili ya mikutano. Shoji ni fremu ya vijiti vyembamba iliyobandikwa karatasi ya washi, na kazi yake kubwa ni nuru. Mwanga mkali wa nje ukipita pale unasambaa, kivuli kinapoteza makali, na uso wa mtu aliyekaa mbele yako unaonekana kama umepakwa mafuta. Sauti inapita kama vile hakuna kitu. Kwa faragha Wajapani wana mlango mwingine, fusuma, wenye karatasi nzito au kitambaa pande zote mbili. Huo hauonyeshi upande wa pili, na mara nyingi huchorwa, ingawa nao hauzuii maneno. Ukitaka siri ya kweli, jenga ukuta.

Kosa jingine dogo: mafundi wengi hubandika karatasi upande wa ndani. Kwa kawaida karatasi hukaa upande wa nje, ili vijiti vionekane kutoka chumbani. Ikichanika haitupwi fremu nzima. Tundu dogo huzibwa kwa kipande kilichokatwa umbo la ua, na karatasi yote hubadilishwa wakati wake, aghalabu mwisho wa mwaka. Kwenye mgahawa wenye watoto na mikokoteni ya vyombo, tumia karatasi iliyotiwa plastiki. Hakuna atakayekucheka.

"Ujapani ni mbao na udongo, hauna mng'aro"

Mwaka 1586 mtawala Toyotomi Hideyoshi alipeleka kwenye kasri la mfalme, Kyoto, chumba cha chai kinachobebeka, kuta zake zimefunikwa dhahabu. Mtaalamu wake wa chai alikuwa Sen no Rikyū, yule yule anayehusishwa na Tai-an, kibanda cha mikeka miwili tu ya tatami, yaani kama mita za mraba 3 na ushei, chenye kuta za udongo na mlango mdogo ambao hata mkubwa wa nchi alilazimika kuuingia kwa kutambaa. Watu hao wawili waliishi zama moja na kunywa chai pamoja, hadi mwaka 1591 Hideyoshi alipomwamuru Rikyū ajiue. Zote mbili ni ladha za Kijapani. Sisi tumechukua ya Rikyū tu, tena nusu.

Nasema nusu kwa sababu tunasahau tokonoma, kile kidaka ukutani kinachotundikwa mchoro mmoja na kuwekwa ua moja, vinavyobadilishwa kufuata msimu. Wenyeji wa nyumba za kale za Lamu wanajua vidaka, ila vyao vilijaa vyombo vya kaure. Hapa kuna kitu kimoja, na jicho linapumzika kwa sababu lina pa kufikia.

"Chochote cha Asia kitafaa"

Joka jekundu ukutani ni pambo la mgahawa wa Kichina. Torii ni lango la mahali pa ibada ya Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, si fremu ya kupigia picha. Kichwa cha Buddha kando ya mlango wa choo, sitaki hata kukizungumzia. Zile mbao nyeusi za kuchomwa, yakisugi, zilichomwa ili kulinda kuta za nje dhidi ya mvua na wadudu. Ndani zinapendeza, lakini zisiposuguliwa na kuzibwa vizuri, shati jeupe la mteja litakuwa shahidi. Na ile taa ya karatasi nyeupe ya mviringo ambayo kila mtu huiita "ya kale"? Taa za Akari zilibuniwa na mchongaji Isamu Noguchi, Mmarekani mwenye baba Mjapani, kuanzia mwaka 1951, baada ya kuona mafundi wa taa za karatasi mjini Gifu. Ni nzuri mno. Ila ukiiwekea balbu ya mwanga mweupe kama wa duka la dawa umeiua. Tafuta ya manjano, yenye rangi ya mwanga iliyoandikwa kelvini 2700 (2700K).

"Wajapani hula kimya"

Waulize waliowahi kukaa izakaya, baa ya Kijapani yenye chakula, siku ya Ijumaa. Ukiingia tu unapokewa kwa sauti kubwa, "irasshaimase!" (karibu!), watu wanacheka, bia zinagongana. Sushi ya kushikwa kwa mkono yenyewe ilikuwa chakula cha vibanda vya barabarani mjini Edo, Tokyo ya leo. Utulivu ni chaguo la aina fulani za migahawa, kwa hiyo amua mapema unataka mgahawa upi.

"Lazima mteja akae chini"

Migahawa mingi Japani ina viti na kaunta. Hata pale penye tatami, wengi huchimba shimo chini ya meza, horigotatsu, ili miguu ining'inie: anayetazama anaona watu wamekaa chini, kumbe wamekaa kama kwenye kiti. Kwa wazee na wenye magoti mabovu hilo ni jambo la heshima. Kuvua viatu kwetu si mtihani, ila weka kabati la viatu lenye hewa, na mtu wa kuvipokea. Usiweke viti vya miguu myembamba juu ya tatami, maana mashimo yatabaki. Na kabla ya yote mwambie fundi wa sakafu mapema, kwa sababu shimo la kuning'iniza miguu haliongezwi baada ya zege kumwagwa.