Mkoba wa shule haupindi uti wa mgongo

Hapa Ngamiani, Tanga, bega moja la binti likiinuka kuliko jingine, husikia: "Mkoba huo! Kaa wima!" Jamani, tunawaonea. Skoliosisi ya vijana, mgongo kupinda upande, mara nyingi haina chanzo kinachojulikana, na mkoba haumo.

Mwambie ainame, magoti yamenyooka, viganja pamoja. Simama nyuma yake: mbavu za upande mmoja zimeinuka? Mpeleke akapigwe eksirei. Pembe ya mpindo ikianzia nyuzi 10, ndiyo skoliosisi.

Wanaokua bado husaidiwa na mkanda mgumu wa plastiki unaovaliwa kiwiliwilini. Katika utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa 2013, asilimia 72 ya waliouvaa hawakufika nyuzi 50, kiwango cha kufikiria upasuaji. Waliofuatiliwa tu bila mkanda, asilimia 48. Waliouvaa saa nyingi walinufaika zaidi.