Dofini si kila mwana wa mfalme

Enzi za wafalme wa Ufaransa, dofini alikuwa mwana wa kwanza aliye hai wa mfalme; akifa, cheo kilishuka kwa mwanawe. Maana ni hiyo tu. Kinachoudhi ni kuona kila mvulana wa kasri la Versailles akiitwa dofini, hata ndugu wa mfalme.

Neno hilo, dauphin kwa Kifaransa, ni pomboo, na wengi hudhani cheo kilitokana na pomboo wa kwenye ngao. Mambo yalikwenda kinyume. Guigues IV, mtawala wa Albon, aliyefariki 1142, alikuwa na Dauphin kama jina lake la pili. Wazao wake wakalirithi likawa cheo, ndipo pomboo akachorwa kwenye ngao, na nchi yao ikaitwa Dauphiné. Mwaka 1349 Humbert II, mwenye madeni na asiye na mtoto, akaiuza kwa ufalme, kisha akaingia utawani. Aliyekabidhiwa nchi na cheo chake alikuwa Charles, mjukuu wa mfalme Philippe VI, mwenye miaka 11.

Jinsi cheo kilivyoshuka huonekana vizuri zaidi kwa mfalme Louis XIV. Mwanawe alikufa kwa ndui tarehe 14 Aprili 1711. Mjukuu akawa dofini, akafa kwa surua tarehe 18 Februari 1712. Kitukuu wa miaka 5 akashika cheo hicho, madaktari wakamtoa damu kama tiba, akafa tarehe 8 Machi. Mdogo wake wa miaka 2 alipona kwa sababu mlezi wake, Madame de Ventadour, alikataa katakata asitolewe damu. Ndiye Louis XV. Dofini wanne, na hata mwaka haujatimia!

Lakini cheo hakikwenda kwa ndugu wa mfalme. Tangu 1774 hadi 1781 mfalme Louis XVI hakuwa na mwana wa kiume. Mrithi alikuwa ndugu yake, naye aliitwa Monsieur. Ufaransa ilikuwa na mrithi, dofini haikuwa naye.

Kwa hiyo katika ile picha ya 1787 ya malkia Marie Antoinette, mke wa Louis XVI, na wanawe, iliyochorwa na Élisabeth Vigée Le Brun, dofini ni Louis-Joseph, yule aliyesimama kando ya kitanda kitupu cha mtoto. Aliyepakatwa na mama yake ni Louis-Charles, Duke wa Normandie, na atabaki na jina hilo hadi kaka yake afariki, tarehe 4 Juni 1789.