Tiketi ya faini ya barabarani toka steti nyingine Marekani na bima ya gari yako: tuliyodanganyana na ukweli wenyewe

Jamani hii ya "ukishikwa spidi steti nyingine we lipa tu usepe, kwenu hawatajua" imewaumiza watu wengi. Wanajua! Kuna mkataba unaitwa Driver License Compact, majimbo kama 45 wamo pamoja na Washington DC, yani una leseni ya Ohio ukaandikiwa tiketi Indiana, ukishakutwa na hatia Indiana wanatuma taarifa Ohio. Georgia, Tennessee, Michigan, Massachusetts na Wisconsin hazimo ila usishangilie, taarifa zina njia zingine.

Na kulipa ndo kukubali kosa, hapa ndo watu wengi wanapojimaliza. Kabla hujalipa piga simu mahakama iliyoandikwa kwenye tiketi, uliza kama kuna darasa la udereva ukisoma wanafuta kosa, au tafuta wakili wa hukohuko, mara nyingi anasimama mahakamani bila wewe kurudi.

Eti wengine wanaitupa kabisa. Usithubutu ndugu yangu, kuna mkataba mwingine kwa ajili ya wanaokimbia tiketi, jimbo lako linaweza kufungia leseni, na ukikutwa unaendesha na leseni iliyofungiwa kampuni ya bima itakuona hatari kuliko huyo aliyezidisha spidi kidogo.

Halafu "sijawekewa pointi (alama za makosa kwenye leseni) kwa hiyo bima haipandi". Pointi ni za serikali, bima wanasoma rekodi yako ya udereva na wana hesabu zao wenyewe. Maryland kwa mfano wanaandika kosa la nje kwenye rekodi bila kukupa pointi, lakini bima akifungua rekodi si analiona? Na usipoona mabadiliko mwezi huu usijipe moyo, kwa kawaida wanaangalia siku ya kurinyuu bima, na kosa linahesabiwa miaka 3 hivi, wengine zaidi.

Tiketi ya paking hiyo haihusiki, we lipa tu yaishe.

Ila wenye CDL (leseni ya magari makubwa ya biashara), nyie wa malori, naomba msikie vizuri. Sheria ya taifa inakataza jimbo kukufichia kosa la barabarani, hata kama ulikuwa kwenye gari lako dogo, kwa hiyo lile darasa la kufuta kosa kwenu halipo. Kuzidisha spidi maili 15 au zaidi ni kosa zito, mawili ndani ya miaka 3 ukiwa kwenye lori unakaa siku 60 bila kuendesha. Wakili mtafuteni mapema, kabla ya tarehe ya mahakama.