Si mwili unaozoea dawa, ni bakteria

Ule ujumbe wa "ukimeza antibiotiki mara kwa mara mwili unazoea, jibadilishie dawa" umerudi tena kwenye magrupu. Tafadhali usiusambaze, unaumiza watu. Wanaobadilika ni bakteria. Hupokezana vipande vya DNA, yaani maelekezo ya urithi, vingine vikiwa na jeni za usugu wa dawa. Ndani ya bakteria aitwaye Salmonella, protini iitwayo H-NS huing'ang'ania DNA ngeni yenye A na T nyingi (mbili kati ya herufi nne za DNA) na kuinyamazisha, isifanye kazi. Bakteria hubaki nayo bila kudhurika, na baadaye aweza kuitumia. Maabara huonyesha wazi: bakteria huoteshwa kwenye kisahani, juu yake vikaratasi vya mviringo vilivyolowekwa dawa. Walio sugu huota hadi ukingoni mwa kikaratasi, na pale hapana mwili wa mtu. Kudhani ni mwili uliozoea kunaeleweka, maana mgonjwa huona tu dawa ileile imegoma.