Kwanza Niambie Faili Liko Wapi

Jumamosi iliyopita idara yetu, tunakofundisha kupiga na kuhariri video, ilipokea wazazi wanaowatafutia watoto nafasi ya mwaka ujao. Baba mmoja alinishika mkono mlangoni mwa studio akaniambia kwa upole: "Mwalimu, hawa watoto wamezaliwa na simu mkononi. Sisi wazee ndio wa kufundishwa. Karo yote hii ni ya kuwafunza nini wasichokijua?" Binti yake alikuwa kando, ameinamisha macho. Nilimjibu mzee kwa ufupi, nikampeleka kuona kamera. Lakini neno hilo nimelisikia mara nyingi mno: kwa wazazi, kwa wakubwa wa vyumba vya habari wanaotaka wanagenzi wa kuwafanyia "mambo ya mtandao", hata kwa walimu wenzangu tukinywa chai. Leo nalijibu kwa kirefu.

Wazo lenyewe lina umri. Mwaka 2001 Mmarekani Marc Prensky aliandika kwamba vijana waliokulia kati ya kompyuta na michezo ya video ni wenyeji wa ulimwengu wa kidijitali, na wakubwa wao ni wahamiaji. Picha hiyo iliwapendeza watu, ikasambaa, ikatufikia Nairobi ikiwa tayari ni ukweli usioulizwa. Juni 2024 ilipata nguvu mpya. Watu waliwaona vijana wakiuchambua Mswada wa Fedha, ule wa kodi mpya, kwenye TikTok na X, wakasema kizazi hiki hakina la kufundishwa. Mimi niliona vijana wanaojua kusema, na nilijivunia. Ila kujua kusema hakumfanyi mtu ajue chombo anachosemea. Aliyezaliwa Lamu ameyaona majahazi tangu utotoni. Akitaka kuliunda, atakaa chini ya fundi miaka.

Nitaanza na linaloniudhi zaidi, nalo ni faili.

Mwaka jana binti mmoja wa mwaka wa pili alikuwa akitengeneza filamu ya hali halisi ya dakika tano kuhusu shangazi yake, muuza mitumba katika soko la Gikomba. Alihariri wiki mbili kwenye kompyuta ya maabara. Siku ya kuonyesha kazi alikuja na flashi, akaichomeka kwenye kompyuta ya ukumbini, akafungua mradi. Skrini ikawa nyekundu tupu. Kila klipu kwenye mstari wa uhariri ilikuwepo kwa jina, na hakuna hata moja iliyocheza. Akanigeukia: "Mwalimu, kompyuta imefuta kazi yangu."

Kompyuta haikufuta kitu. Faili la mradi alilolibeba lilikuwa na megabaiti mbili. Picha zenyewe zilikuwa gigabaiti 38, na zilibaki kule maabara. Faili la mradi ni kama orodha ya waalikwa wa harusi: limeandika majina, nani anakaa wapi, nani anaingia baada ya nani. Ukiibeba orodha kwenda Machakos hujawabeba waalikwa. Programu inaisoma orodha, inakwenda kubisha kwenye kila anwani, inakuta nyumba haina mtu, inakuonyesha wekundu.

Huyu binti alikuwa na akili nzuri sana, na alikuwa ameshika simu kila siku kwa miaka minane. Kwa miaka hiyo yote simu ilimficha jambo moja: kwamba kila kitu kimewekwa mahali. Ukipiga picha kwenye simu, unaikuta kwenye galari, imepangwa kwa tarehe, na galari haikuulizi uiweke wapi. Ukiletewa video kwenye WhatsApp, unaikuta palepale kwenye mazungumzo. Folda, njia ya faili, diski hii na diski ile, vyote viko nyuma ya pazia, na pazia limeshonwa kwa makusudi ili mtumiaji asisumbuke. Kwa hiyo kadiri simu inavyokuwa rahisi, ndivyo mwanafunzi anavyofika kwangu akijua machache kuhusu kilicho chini yake. Hili ndilo ninalotaka wazazi walielewe. Simu imewazoesha watoto wetu kutotafuta.

Tulikaa saa mbili tukiwatafuta waalikwa. Klipu nyingine zilikuwa kwenye folda ya vilivyopakuliwa, nyingine juu ya skrini ya mwanzo, nyingine kwenye akaunti ya mwenzake. Mahojiano ya pili ya shangazi hayakupatikana kabisa: yalikuwa kwenye kadi ya memori aliyoiazima rafiki, na rafiki aliifomati, yaani akafuta vyote vilivyomo, asubuhi kwa nia njema. Binti alilia. Wiki iliyofuata alirudi Gikomba, shangazi akahojiwa upya huku wateja wakipekua marobota, na safari hii akasimulia kisa tofauti kabisa. Filamu ikatoka nzuri, lakini mahojiano yale ya kwanza hayakurudi.

Baada ya hapo aliandika kwenye karatasi folda nne: picha, sauti, mradi, toleo. Kila klipu jina lake na tarehe yake. Nakala mbili kabla ya kadi kufomatiwa, moja isikae kwenye mkoba mmoja na nyingine. Sikumwamuru. Alipotoka hapo, alikuwa amekua kuliko muhula mzima wa mihadhara yangu.

Mengine nitayapitia haraka. Umeme wa Kenya ni hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, na kila wimbi linapepesa taa mara mbili, kwa hiyo taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Simu ikirekodi fremu 30 (zile picha moja moja zinazounda video) kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, ya 1/60 ya sekunde, unaona mistari ikitembea ukutani, na mwanafunzi anasema kamera mbovu. Weka fremu 25, shata 1/50, mistari inatulia. Simu nyingi pia hubadilisha kasi ya fremu zenyewe katikati ya kurekodi. Mahojiano ya dakika 40 yanaanza midomo ikiafikiana na sauti na kuisha ikiachana nayo. Na hesabu: kamera inayoandika megabiti 100 kwa sekunde inakula megabaiti 12.5 kwa sekunde (biti nane ni baiti moja), yaani gigabaiti 45 kwa saa. Kadi ya gigabaiti 32 itakutosha kama dakika 42. Mwanafunzi akiifanya hesabu hiyo kabla ya kupanda matatu, najua somo limeingia. Akiifanya kadi ikishajaa, bado.

WhatsApp inastahili muda zaidi, maana ndiko kazi nyingi za Nairobi zinakopita. Wanafunzi hurushiana klipu humo kisha wanashangaa sura za watu zimekuwa kama unga. Programu ile hubana video ili isile bando, na kilichobanwa hakirudi. Hivyo tunawafundisha kutuma kama dokumenti, na ubora unabaki. Wengi wetu tunaishia hapo, na hapo ndipo tunapokosea. Picha ya simu inaweza kubeba ndani yake saa iliyopigwa na mahali ilipopigwa, hadi mtaa. Ukiituma kama picha ya kawaida, WhatsApp huyaondoa hayo maelezo. Ukiituma kama dokumenti, yanabaki. Kwa picha ya mandhari ya Ngong hakuna neno. Kwa picha ya mama uliyemhoji kwa sharti kwamba asijulikane anakokaa, umempeleka mlangoni kwake kila atakayelipokea faili lile. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019 na wanafunzi wanaikariri kwa mtihani, lakini ni mpaka nimfungulie mmoja picha yake mwenyewe na kumwonyesha ramani ikiangukia karibu na nyumba ya msimulizi wake ndipo ananyamaza. Mwenye ujuzi anajua lini anataka ubora wote ubaki na lini anataka kitu kipotee.

Sasa mashaka yangu, kwa sababu ninayo. Ninasema wanafunzi wanakua kupitia kazi za kozi, lakini wengi wao Jumamosi wanapiga harusi na Jumapili wanaendesha kamera kanisani. Siwezi kuapa kwamba kilichowakuza ni zoezi langu. Nimeanza kudai shajara ya kazi, mwanafunzi aandike kila wiki kilichomharibikia na alivyokitengeneza. Muhula wa kwanza zilinifurahisha sana. Muhula wa pili niliona makosa yaleyale yakijirudia kwa maneno yaleyale, nikaelewa kwamba wengine wameshajua ninachopenda kusoma.

Na liko linaloniumiza. Mwenye laptopu nyumbani anakosea usiku kucha na kujisahihisha. Anayetegemea maabara yetu anafungiwa mlango saa kumi na moja jioni, na stima ikipotea mchana siku yake imekwenda. Mwisho wa mwaka ninampa wa kwanza alama ya juu na kuandika "ameonyesha ukuaji". Huenda ninachokipima ni saa alizokaa na mashine. Nimeomba maabara ifunguliwe hadi saa mbili usiku, na sijapata jibu.

Binti wa Gikomba yuko mwaka wa tatu sasa. Wiki iliyopita nilipita maabara nikamkuta kijana wa mwaka wa kwanza amesimama mbele ya skrini nyekundu, mikono kichwani. Binti alivuta kiti, akaketi kando yake. Hakugusa kipanya. Alimwambia: "Tulia. Kwanza niambie faili liko wapi."

Yule mzee aliniachia namba yake, na binti yake ameshajaza fomu. Siku ya kwanza hatashika kamera. Atapewa kadi yenye klipu kumi na mbili, kompyuta na saa nzima: azihamishe, azipe majina, aziweke mahali pawili, kisha ahamie kompyuta ya jirani anifungulie ile ya saba. Nimemwambia baba yake kiti cha pili kipo, aje wajaribu pamoja.