Kutempa: kwa nini chuma cha pua kikitoka kwenye mafuta bado si zana

Kutempa ni kukipasha moto tena, kwa joto dogo na muda uliopimwa, chuma cha pua ambacho kimekwisha kugumishwa. Anayeruka hatua hii amebaki na kipande kigumu kitakachopasuka.

Tuchukue O1, chuma cha zana chenye kaboni takriban asilimia 0.9. Kikitoka dukani ni laini: kabidi zake, yaani misombo migumu ya chuma na kaboni, zimetawanyika kama punje ndani ya feriti, muundo laini wa chuma, na tupa inakila bila shida. Kikifika nyuzi 800 hivi za Selsiasi, feriti hugeuka austeniti, muundo wenye nafasi ya kupokea kaboni nyingi, na sehemu kubwa ya kabidi huyeyuka humo. Ukikichovya hapohapo kwenye mafuta ya nyuzi 50 hadi 60, kaboni haipati muda wa kutoka. Inanaswa ndani, inaikaza mipangilio ya atomi, na austeniti inakuwa martensiti, muundo mgumu sana. Ugumu sasa ni 63 hadi 65 kwa kipimo cha Rockwell C.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Martensiti huhitaji nafasi kubwa kuliko austeniti iliyoizaa, kwa hiyo ngozi iliyopoa mapema na kiini kilichochelewa huvutana. Kipande kikilazwa mezani hadi kesho, kinaweza kupasuka chenyewe bila kuguswa, na ufa huanzia penye kona kali au ukingo wa tundu. Kikishapoa kiasi cha kushikika mkononi, kiingie tanurini bila kungoja.

Kwenye nyuzi 200, kwa saa 2, sehemu ya kaboni iliyonaswa hutoka na kuunda kabidi ndogo mno, na mkazo hulegea. O1 hushuka hadi 60 au 61: ugumu uliopotea ni mdogo, uimara uliopatikana ni mkubwa. Joto likizidi, kabidi hukua na ugumu huendelea kushuka.

Asiye na tanuri husoma rangi kwenye uso uliosuguliwa ukang'aa. Manjano ya majani makavu ni karibu nyuzi 220, inayofaa makali ya kukata. Zambarau inayoelekea buluu ni 280 hadi 300, inayofaa tindo inayopigwa nyundo. Rangi hiyo ni utando wa kutu ya moto tu, na muda nao huikoleza, basi isiaminiwe kama kipimajoto.

Chuma cha keekee kama M2 kina tabia yake. Hutempwa karibu nyuzi 550, na ugumu badala ya kuporomoka hupanda tena, kwa sababu metali zilizochanganywa humo, molibdeni, tangsteni na vanadi, huunda kabidi mpya nyembamba. Wakati huohuo austeniti iliyosalia bila kugeuka wakati wa kugumisha hugeuka martensiti wakati wa kupoa, na martensiti hiyo changa haijatempwa. Ndiyo maana M2 hutempwa mara 2 au 3.

Tupa ikiuma uso baada ya kugumisha, usikimbilie kulaumu mafuta. Saga sehemu ndogo kwa kina cha nusu milimita, ujaribu tena. Ikiteleza, ni ngozi tu iliyopoteza kaboni kwa hewa ya tanuri. Ikiuma bado, joto halikutosha au kipande kilipoa polepole.